Hisia na Uongozi katika Kinjeketile: Usomaji kutoka Ufuko wa Rumonge

Hapana shaka kwamba mchezo wa kuigiza wa Kinjeketile, ulioandikwa na Ebrahim N. Hussein na kuchapwa mwaka 1969, ni miongoni mwa kazi za Kiswahili zilizosomwa sana madarasani. Walimu wengi wa Afrika Mashariki wameufundisha, na wanafunzi wengi zaidi wameujibia maswali ya mtihani. Kwa hiyo huenda msomaji akatuuliza: je, limebaki neno gani la kusema juu yake? Jibu letu ni kwamba limebaki neno moja kubwa, nalo ni hili la hisia. Tumezoea kuueleza mchezo huu kwa dhamira mbili, yaani umoja na ukombozi, kisha tukaongeza ya tatu, kwamba imani ya maji ilikuwa upotofu. Tukishafika hapo tunafunga kitabu. Lakini mtunzi hakuandika hotuba juu ya umoja. Aliandika juu ya watu wenye njaa, hofu, aibu, hasira na tumaini, akatuonyesha jinsi mambo hayo ya moyoni yanavyowaunganisha, yanavyomwinua kiongozi, na hatimaye yanavyomtawala kiongozi mwenyewe.

Katika makala haya tunakusudia kuuchunguza mchezo kwa upande huo. Tunafanya hivyo tukiwa Rumonge, kwenye ufuko wa Burundi wa Ziwa Tanganyika, na mahali hapa si pambo la makala. Kama tutakavyoonyesha, kuna swali ndani ya mchezo huu ambalo darasa la hapa haliwezi kulipita kwa wepesi.

Mchezo na historia yake

Kwa faida ya wanaoanza kuusoma, tukumbushe machache. Vita vya Maji Maji vilianza katika milima ya Umatumbi mwezi wa Julai 1905, wakati watu waliposhika mimea ya pamba, zao walilolazimishwa kulima na serikali ya Wajerumani, wakaing'oa. Kinjeketile Ngwale wa Ngarambe alikuwa amewapa watu maji ambayo waliamini yangezigeuza risasi kuwa maji. Alinyongwa Mohoro tarehe 4 Agosti 1905, vita vikiwa ndiyo kwanza vinaenea. Tarehe 30 Agosti maelfu ya wapiganaji waliishambulia boma ya Mahenge na kukutana na bunduki za rashasha. Vita viliendelea mpaka mwaka 1907, na njaa iliyofuata iliua watu wengi kuliko risasi. Wapo wanahistoria wanaokisia kwamba jumla ya waliokufa ilifika laki tatu.

Hussein, mzaliwa wa Kilwa, hakuandika historia hiyo kama ilivyo. Mwenyewe ameeleza kwamba Kinjeketile wa jukwaani ni kiumbe cha fikira, wala asichukuliwe kuwa ndiye yule wa Ngarambe. Kauli hiyo ni muhimu kwetu wahakiki. Inatupa ruhusa ya kumhoji mhusika bila kumvunjia heshima marehemu.

Hofu inayotenga

Mchezo unaanza kwa wanawake. Bi Kinjeketile na Bi Kitunda wanazungumza juu ya upungufu wa chakula na juu ya mume aliyejifungia ndani. Mtunzi angeweza kuanza kwa ngoma za vita, lakini ameanza kwa chungu kisicho na kitu. Hisia ya kwanza tunayokutana nayo ni wasiwasi wa mama asiyejua atapika nini, nao ndio msingi wa yote yatakayofuata.

Wanaume nao wanalimishwa pamba chini ya kiboko. Heshima ya binti yake Kitunda inapohatarishwa, baba anasimama mahali pagumu: akinyanyuka atakufa bure, akinyamaza atakufa kwa aibu. Hapa Hussein ameona jambo ambalo waandishi wengi wa michezo ya ukombozi hawalioni. Wengi hudhani kwamba dhuluma huwaunganisha watu papo hapo. La hasha. Dhuluma kwanza huwatenga. Kila mmoja hujishughulisha na ngozi yake mwenyewe, na kwa kuwa hawezi kumpiga mwenye bunduki, humkaripia jirani yake. Ndiyo maana kabla ya maji kutokea wahusika hawa wanabishana, wanalaumiana, na kila kabila linalitazama lingine kwa jicho la shaka. Wote wana hasira moja juu ya adui mmoja, na hata hivyo hawawezi kutenda neno pamoja.

Sababu yake ni nini? Si ujinga, kwani hoja ya umoja wanaijua vizuri. Tatizo lao ni kwamba kila mmoja anajiuliza: nikitangulia, nani atanifuata? Hofu ya risasi ni kubwa, lakini hofu ya kuachwa peke yako mbele ya risasi ni kubwa zaidi. Hoja peke yake haiwezi kuiondoa hofu ya namna hiyo, maana hoja humwingia mtu mmoja mmoja, na kinachohitajika ni jambo litakalowaingia wote kwa wakati mmoja tena kila mmoja akimwona mwenzake linavyomwingia.

Tumaini linalounganisha

Jambo hilo ndilo maji. Kinjeketile anaingia mtoni, watu wanamdhania amekufa, naye anatoka na habari ya mzimu Hongo na ya maji yenye nguvu. Wasomaji wengi wa leo hutabasamu wakifika hapa. Tunawaomba wasitabasamu upesi. Hebu tutazame kazi ya maji hayo katika kikundi. Kwanza, ni yale yale kwa kila mtu, Mmatumbi kwa Mngindo, mkubwa kwa mdogo; aliyenyunyiziwa hana daraja juu ya mwenzake. Pili, hupokelewa hadharani, kwa hiyo kila mmoja anajua kwamba wenzake nao wameyapokea. Tatu, yanaondoa lile swali la nani atangulie, kwa sababu anayetangulia hafi. Kwa kitendo kimoja, watu walioshindwa kukaa kikao kimoja bila ugomvi wanakuwa jeshi.

Kwa hiyo si sahihi kufundisha kwamba maji yalikuwa uongo tu basi. Juu ya risasi yalikuwa uongo. Juu ya umoja yalikuwa kweli, kwani umoja ulipatikana. Na hapa ndipo ilipo huzuni ya mchezo: kitu kile kile kilichowawezesha watu kushirikiana ndicho kilichowapeleka mbele ya rashasha vifua wazi.

Kiongozi anayebaki nyuma ya neno lake

Sehemu iliyo bora kuliko zote, kwa maoni yetu, ni ile Kinjeketile anapoanza kulitilia shaka neno lililotoka kinywani mwake. Katika unabii wake limo jambo la kuwa watoto wa Seyyid Said. Fahamu zinapomrudia analiona lilivyo: kutoka mikononi mwa Mjerumani na kuingia mikononi mwa bwana mwingine. Je, huo ndio ukombozi? Je, aliyesema naye ni nani hasa?

Tangu hapo Kinjeketile ni mtu mpweke katikati ya umati unaomshangilia. Anawataka watu wangoje. Lakini tumaini lina saa yake, wala halisomi saa ya kiongozi. Watu waliokaa miaka na hofu, wakishaonjeshwa ujasiri, hawawezi kurudi nyumbani wakaning'inize mikuki ukutani. Wanaanza vita bila ya idhini yake. Baadhi ya walimu hulieleza tendo hili kuwa ni utovu wa nidhamu, tena wakalitia katika dhamira kwa jina la "ukaidi". Sisi hatukubali. Njaa iliyoonekana katika onyesho la kwanza haijakwisha, na kiboko hakijapumzika. Anayewaambia wangoje anapaswa kuwaambia wangoje wakila nini.

Kosa, kama lipo, ni la namna uongozi wenyewe ulivyojengwa. Tumaini lote liliwekwa katika kinywa cha mtu mmoja, na mtu huyo hakuwa na njia ya kulirekebisha neno lake pasipo kulivunja. Hakuna baraza la kumhoji wala mahali ambapo shaka ingeweza kusemwa bila kuitwa usaliti. Kitunda, ambaye ni mtu wa mipango na mazoezi ya vita, angeweza kuwa mizani ya nabii. Lakini naye anahitaji maji ili apate jeshi. Hivyo viongozi wawili, mmoja wa moyo na mmoja wa akili, wanategemeana bila ya kusahihishana.

Hatuna budi kutaja udhaifu mmoja wa mchezo. Wanawake waliofungua pazia kwa habari ya njaa wanasahauliwa kadiri vita vinavyokaribia. Wakati wa kuamua kupigana, wale wanaojua ghala lina nini hawaulizwi. Huenda mtunzi amekusudia tuone hivyo. Huenda pia ni mazoea ya michezo ya wakati ule. Kwa vyovyote, mtu anayekumbuka kwamba njaa ndiyo iliyoua wengi baada ya 1905 ataiona kimya hiyo kuwa nzito.

Swali la gerezani

Mwishoni Kinjeketile na Kitunda wamo kifungoni. Kitunda anamtaka mwenzake aseme wazi kwamba maji hayana nguvu. Kinjeketile anakataa. Hoja yake ni kwamba akikana maji, adui atatangaza kuwa hata madai ya watu yalikuwa uongo, na watoto watakaozaliwa wataona aibu kwa vita vya baba zao. Anachagua kufa ili neno liishi.

Kwa miaka mingi tulifundisha kwamba Kinjeketile yuko upande wa haki hapa, na kwamba Kitunda amechoka tu. Kwa hakika mtunzi mwenyewe amempa Kinjeketile maneno yenye uzito zaidi. Lakini darasa letu lilitufundisha vingine.

Rumonge ni mji wa Kiswahili tangu zamani za biashara ya Ujiji. Kuna mashamba ya michikichi, soko la mawese na samaki, na siku ya anga safi mtu akisimama ufukoni huiona milima ya rasi ya Ubwari iliyoko Kongo, ng'ambo ya ziwa. Mwaka 1964 katika nchi ile ya ng'ambo wapiganaji wa Simba walikwenda vitani wakiamini dawa na wakipaza sauti ya "Mai Mulele", maji yale yale yaliyoahidi kugeuza risasi. Baadaye, tangu miaka ya 1990, yametokea makundi ambayo jina lenyewe ni Mai-Mai. Kwetu upande huu, tarehe 29 Aprili 1972 uasi uliwaka Rumonge na Nyanza-Lac, na raia wengi wa Kitutsi wakauawa. Kisha serikali ya wakati ule ilifanya mauaji makubwa ya Wahutu nchi nzima. Wanaokisia husema laki moja, wengine laki mbili au zaidi. Watu wa ufuko huu walivuka wakaenda Tanzania, wakakaa Katumba, Mishamo na Ulyankulu kwa muda wa zaidi ya miaka thelathini. Wengi walirudi kuanzia mwaka 2008 na kukuta mashamba yao yanalimwa na wengine.

Darasani kwetu waliketi watoto wa waliorudi, wenye Kiswahili laini cha Tanzania, pamoja na watoto wa waliobaki, na watoto wa waliokaa katika mashamba ya wale walioondoka. Tulipofika kwenye onyesho la gerezani tuliuliza swali la kawaida: nani kati ya hawa wawili amesema haki? Tulitegemea jibu la kawaida. Msichana mmoja, ambaye wazazi wake walizaliwa ukimbizini, alisema kwamba Kitunda ndiye anayewahurumia wanaokufa leo, na Kinjeketile anawahurumia wasiozaliwa. Na yeye ni mmoja wa wale ambao hawakuwa wamezaliwa, wala hakumwomba mtu yeyote afe kwa ajili yake. Darasa lilinyamaza. Nasi tulinyamaza, kwa kuwa katika daftari letu la maandalio hapakuwa na jibu la jambo hilo.

Tangu siku hiyo hatufundishi tena kwamba Kitunda amechoka. Tunafundisha kwamba mbele yetu kuna huruma mbili zinazogombana, na kwamba mchezo ni mkubwa kwa sababu zote mbili ni za kweli. Lakini tunaongeza kwamba kiongozi anayeujua uongo ulio ndani ya neno lake, akanyamaza ili kulilinda tumaini, anawatoza wengine gharama ambayo hawakuiona katika hesabu.

Umati na jina

Inafaa kuulinganisha mchezo huu na ule wa Shakespeare uliotafsiriwa na Julius K. Nyerere mara mbili, mwaka 1963 na tena mwaka 1969, kwa jina la Juliasi Kaizari. Huko Brutus anawapa watu sababu, nao wanamkubali. Kisha Antony anawaonyesha maiti yenye majeraha, anawatajia wosia, na umati ule ule unageuka na kwenda kuchoma nyumba. Tofauti iko wazi. Kinjeketile anashikwa na hisia anayoieneza, ilhali Antony anaieneza akiwa ametulia, kama mtu anayewasha moto akijua upepo unakovuma.

Muhimu zaidi ni onyesho fupi linalofuata, ambalo walimu wengi huliruka. Umati unakutana na mshairi Cinna, ambaye jina lake ni sawa na la mmoja wa waliomuua Kaizari. Anajitetea kwamba yeye ni mshairi. Hawajali, jina linatosha. Katika nchi ambayo watu wamewahi kuuawa kwa sababu ya jina la kabila tu, onyesho hilo halihitaji maelezo marefu.

Tunao pia mfano wa nyumbani. Mwanamfalme Louis Rwagasore alianzisha vyama vya ushirika katika miaka ya 1950, akapendwa na Warundi wengi, wakiwamo Waswahili wa Usumbura. Chama chake cha UPRONA kilishinda uchaguzi tarehe 18 Septemba 1961, naye akauawa kwa risasi tarehe 13 Oktoba mwaka huo huo. Haikupita miaka mingi chama kile kikapasuka kwa ugomvi wa viongozi. Upendo wa watu ulikuwa wa kweli, lakini ulikuwa umekaa sana juu ya mtu mmoja, na alipoondoka haukupata nyumba nyingine ya kukaa.

Somo la wavuvi

Je, basi tuogope hisia, tukatae kiongozi yeyote anayegusa mioyo? Hapana. Kikundi kisicho na hisia hakitendi kitu. Jambo la kuuliza ni namna hisia zinavyopimwa. Hapa tuna mwalimu karibu kuliko vitabu.

Usiku usio na mbalamwezi wavuvi wa Rumonge hutoka kutafuta ndagala. Hufunga vyombo pamoja kwa miti, wakashusha wavu chini ya taa, wakangoja samaki wavutwe na mwanga. Kungoja huko kunahitaji tumaini, na kuinua wavu kunahitaji mikono yote kwa mara moja, maana upande mmoja ukitangulia wavu hulala na samaki hutoka. Nahodha mwenye papara huambukiza papara, na aliyetulia huambukiza utulivu. Wahenga wamesema manahodha wengi chombo huenda mrama; lakini nahodha mmoja asiyeambiwa kwamba chombo kinavuja naye hazamishi kidogo.

Tofauti ya kundi hili na lile la Ngarambe iko katika jambo moja. Tumaini la wavuvi hupimwa kila alfajiri. Wavu ukija mtupu, kila mtu anauona mtupu, na nahodha hawezi kusema umejaa. Samaki wakipatikana, hugawanywa mbele ya macho ya wote. Tumaini la maji halikupata hesabu ya namna hiyo mpaka siku ya rashasha, na siku hiyo ilikuwa imechelewa. Hapo ndipo tunapouona mpaka kati ya hisia inayojenga ushirikiano na hisia inayouangamiza: ya kwanza hukubali kupimwa kidogo kidogo, ya pili hudai iaminiwe yote mpaka mwisho.

Kwa walimu wenzetu

Tungependa kupendekeza mambo matatu. Kwanza, mwanafunzi afuatilie hisia katika kila onyesho kabla ya kuandika dhamira: ni nani anayeogopa, anaogopa nini, na hofu hiyo inamfanya amtendee nini mwenzake. Pili, aulizwe ni nani aliyenyamazishwa, na kikundi kilipoteza nini kwa kumnyamazisha. Tatu, tusimalize kipindi kwa kuandika ubaoni kwamba umoja ni nguvu. Methali hiyo ni kweli, lakini mchezo huu unatudai tuulize: umoja juu ya jambo gani, na nani anaruhusiwa kusema kwamba wavu umekuja mtupu?

Wako watakaosema kwamba maswali ya namna hii yanaweza kufumbua vidonda, hasa katika madarasa kama yetu. Tunaikubali hatari hiyo. Lakini wanafunzi wetu walikwisha kuvijua vidonda hivyo kabla hawajafika shuleni. Wamevisikia jikoni na mashambani, kwa sauti ya chini, kila mmoja upande wake. Darasa la Kiswahili ni mahali pamoja ambapo wanaweza kuvitaja wakiwa wote wapo, kwa majina ya Kinjeketile na Kitunda, mpaka siku watakapoweza kuvitaja kwa majina yake.